Tukijenga mitaa mipya, bustani isisubiri awamu ya mwisho

Mwezi uliopita alikuja kliniki mama mmoja wa miaka 52. Presha yake ilisoma 158 kwa 96, na uzito ulikuwa umeongezeka kilo saba ndani ya miaka miwili. Nikampa maelezo ninayompa kila mgonjwa wa presha: dawa usiziache hata ukijisikia mzima, chumvi ipunguze, na utembee kwa haraka angalau nusu saa, siku tano za wiki. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Sawa dokta. Lakini nitembee wapi?"

Mama huyu anaishi kwenye mmoja wa ile miradi mipya ya makazi nje kidogo ya Dar es Salaam. Mbele ya nyumba yake inapita barabara ya malori ya mchanga na bodaboda, haina njia ya waenda kwa miguu. Nyuma ni ukuta wa mradi. Nikamuuliza kama hakuna bustani. Akacheka. Akasema ipo, anayo nyumbani, kwenye kipeperushi alichopewa siku aliyolipia: miti, bembea, watoto wanakimbia. Waliambiwa itajengwa awamu ya tatu. Awamu ya pili ilikamilika, huu ni mwaka wa nne, na ya tatu haijaanza.

Safu hii imezoeleka kwa dawa, vyakula na vipimo. Leo naomba, msomaji, univumilie nizungumzie michoro ya mipango miji, kwa sababu nimechoka kuandika "fanya mazoezi" kwenye cheti cha mtu ambaye mtaa wake hauna pa kufanyia.

Hali yetu unaifahamu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya 11 alikuwa na kisukari. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 kila siku. Dakika hizo zinahitaji ardhi. Wachache wana fedha ya jimu, na mtoto wa miaka saba huwezi kumpeleka jimu. Zamani uani palitosha, lakini sasa jiji linapanda juu. Magomeni Kota pekee kuna familia 644 kwenye maghorofa. Ukiishi ghorofa ya sita, bustani ndiyo uani kwako.

Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36 katika sensa ya 2012, na milioni 5.38 mwaka 2022. Watu hao wapya wanajengewa, au wanajijengea, kwa awamu. Sina ugomvi na awamu. Mwendelezaji hana fedha yote siku ya kwanza; anauza nyumba 80, anapata mtaji wa kujenga 80 nyingine. Ugomvi wangu ni mpangilio wa vitu ndani ya awamu hizo. Nyumba zinatangulia, halafu maduka, halafu maegesho, na bustani inasukumwa mwisho kama vile ni pambo la sebuleni.

Kinachofuata kinajulikana. Kufikia awamu ya mwisho, ardhi iliyokuwa pori imepanda bei mara kadhaa. Kile kipande cha kijani kwenye mchoro sasa ni fedha nyingi zimelala. Mtu anawasilisha maombi ya kubadili matumizi, wakazi hawasomi matangazo, na asubuhi moja mnaamka mnakuta tofali. Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2011 mimi na mume wangu tulinunua kiwanja kwenye mradi wa namna hiyo, na sababu mojawapo ilikuwa eneo la wazi mkabala na kiwanja chetu. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili na nilishaona akilini pale atakapojifunzia baiskeli. Leo pana fremu 14 za maduka na sehemu ya kuoshea magari. Mwanangu amejifunzia baiskeli kwenye korido ya nyumba, na kovu la kidevuni analo.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kifupi. Mwongozo wa usanifu wa mradi wowote wa makazi unaojengwa kwa awamu useme hivi: kibali cha awamu ya pili hakitolewi mpaka bustani ya awamu ya kwanza iwe inatumika. Isiwe kwenye mchoro wala kwenye ahadi. Mtoto awe anacheza pale. Na kila awamu iwe na yake, badala ya bustani moja kubwa kwenye kona ya mbali ambayo nusu ya wakazi hawataifikia bila bajaji.

Kipimo cha umbali kipo. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inapendekeza kila mkazi awe na eneo la kijani la umma la angalau nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 kutoka kwake, yaani mwendo wa kama dakika tano. Uwanja kamili wa mpira ni kama hekta 0.7, kwa hiyo hatuombi makubwa. Ila hizo dakika tano zipimwe kwa miguu ya bibi mwenye magoti mabovu, siyo ya mhandisi kijana, na njiani asivuke barabara kuu.

Kuna sababu nyingine ya kutaka bustani itangulie, na hii hata waendelezaji wenyewe huwa hawaifikirii: mti hauna haraka. Ukuta wa tofali unasimama kwa wiki, mwembe au mkungu unahitaji miaka. Ukipanda siku ya kwanza ya awamu ya kwanza, watu wa awamu ya tatu watahamia wakute kivuli. Ukipanda mwisho, kizazi cha kwanza cha watoto wa mtaa ule kitakua kwenye jua kali, au kitakua ndani, mbele ya televisheni. Joto la Dar es Salaam la Februari mnalijua. Bustani isiyo na kivuli haina mtu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Naomba pia tuachane na mazoea ya kupanda miashoki iliyojipanga kama askari wa gwaride. Inapendeza kwenye picha, lakini kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja aliyesimama.

Lipo pia suala la ardhi gani inatolewa. Mara nyingi kinachoitwa bustani ni kile kilichobaki: bondeni, kando ya mto, chini ya nyaya za umeme mkubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwendelezaji anayekupa ukanda huo kama "eneo la kijani" amekupa kitu ambacho hakuwa na ruhusa ya kukijengea tangu mwanzo. Ukanda huo uachwe, upandwe miti, uwe nyongeza. Usihesabiwe kama bustani ya watoto kuchezea, maana mvua za masika zikija utakuwa ziwa, na wiki mbili baadaye mimi ndiye nitakayepokea watoto wenye kuhara.

Maji yaliyotuama ni jambo la kuangaliwa kwa makini hata kwenye bustani iliyo mahali pazuri. Jiji hili lilipata mlipuko wa homa ya denge mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake anapenda maji masafi yaliyosimama, na akipata joto letu anatoka yai hadi mbu kamili kwa siku kama 7 hadi 10. Nimeona bustani nzuri zilizopambwa kwa matairi ya zamani yaliyopakwa rangi na kuzikwa nusu, watoto wanarukia. Wazo zuri, lakini kila tairi ni kiota. Yatobolewe chini au yajazwe udongo. Chemchemi za mapambo ambazo pampu yake hufa mwezi wa tatu, afadhali zisijengwe kabisa.

Taa, choo na bomba la maji ya kunywa nadhani havihitaji mjadala, ingawa choo husahaulika kila mara. Mwanamke hatatembea saa moja jioni gizani, na mgonjwa wa kisukari hatakwenda mahali ambapo hapati haja. Uzio ukiwepo uwe wa kuonekana ndani. Na iwe bure. Kwetu ukisema unakwenda "gadeni" watu wanaelewa nyama choma na muziki. Bustani nyingi za jiji hili zimeishia hivyo, na mtoto hana nafasi tena pale.

Kuna wenzangu wataniuliza: daktari, hivi kuna ushahidi kwamba bustani inatibu? Presha ya kupanda haitibiwi na nyasi, na nisingependa mtu aache vidonge vyake kwa sababu ya makala hii. Pia ni kweli kwamba tafiti nyingi za maeneo ya kijani zina kasoro moja: wenye fedha ndio wanaokaa karibu na bustani, na wenye fedha huwa na afya bora kwa sababu nyingine pia. Lakini zipo tafiti zilizokwepa kasoro hiyo. Jijini Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja vitupu vilivyojaa takataka, wakavigawa kwa bahati nasibu: vingine vikasafishwa na kupandwa nyasi na miti michache, vingine vikazolewa taka tu, vingine vikaachwa. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kuwa waliokaa karibu na viwanja vilivyopandwa walipungukiwa na hali ya kujisikia wenye huzuni kwa zaidi ya asilimia 40, ukilinganisha na waliokaa karibu na vilivyoachwa. Hapakuwa na bembea wala chemchemi, ni nyasi, miti na uzio mfupi wa mbao.

Na huko Guangzhou, China, shule za msingi zilizoongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku zilipunguza idadi ya watoto waliopata tatizo la kutoona mbali: baada ya miaka mitatu ilikuwa asilimia 30, wakati shule nyingine zilikuwa na karibu asilimia 40. Mzazi unayelalamika kuhusu miwani ya mwanao, fikiria hilo.

Historia yetu nayo ina kejeli yake. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo unatupa pumzi katikati ya jiji, uliachwa wazi enzi za ukoloni ili kuitenganisha Kariakoo ya Waafrika na mitaa mingine, na sababu za kiafya zilitumika kuhalalisha ubaguzi huo. Waliokuwa na nia mbaya waliweza kulinda eneo la wazi. Sisi wenye nia njema tunashindwa na fremu za maduka.

Kama unanunua nyumba au kiwanja mwaka huu, usitosheke na kipeperushi. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, omba kuona mchoro ulioidhinishwa, angalia eneo la wazi liko wapi na lina namba gani, piga nakala. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, matumizi ya ardhi hayabadilishwi kwa maneno ya mdomo. Lazima yawe na maombi na kibali. Ukiona bango la kubadili matumizi limewekwa karibu na mtaa wako, lisome, na upeleke pingamizi kwa maandishi kabla muda haujaisha. Mimi sikulisoma langu. Nilikuwa zamu za usiku na nilidhani ni tangazo la mganga.

Yule mama nilimwelekeza azungumze na mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani. Alikubaliwa kuzunguka uwanja wao kuanzia saa 12 asubuhi kabla wanafunzi hawajafika, na sasa wako wanane. Wiki iliyopita presha yake ilikuwa 140 kwa 88, kwa dawa na kwa miguu. Ameniambia uwanja huo nao umeanza kupigwa bikoni, na hakuna anayewaeleza ni za nini.