Muuaji Ana Jina, Nyumba Haina Kosa

 

Juzi, baada ya darsa ya baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja alinisubiri mlangoni pa msikiti, akanipa mkono kwa adabu, kisha akanambia neno lililonikosesha usingizi: "Sheikh, wewe umekitetea kitabu cha uwongo, na kile cha kweli hukukigusa."

Kitabu anachokiita cha uwongo ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha marehemu Muhammed Said Abdulla. Na hicho anachokiita cha kweli ni kitabu cha Kimarekani, The Amityville Horror, ambacho yeye mwenyewe hajakisoma bali ameiona sinema yake ndani ya simu. Nami namjibu hapa hadharani, kwani hayuko peke yake, na wengine wenye fikira kama zake wana watoto wa kulea.

Kwanza nikiri kosa langu. Mwezi wa Shaaban nilimkuta mwanafunzi wangu chuoni amekificha hicho kitabu cha Mzimu chini ya juzuu yake. Nikamnyang'anya, nikamkemea mbele ya wenzake, na sikuwa nimesoma zaidi ya jina lililoko juu ya jalada. Usiku nikakifungua ili nipate ushahidi wa kumwonyesha baba yake. Ilipokaribia saa sita, mama watoto akaniuliza nasoma tafsiri gani hata nimesahau chai. Nikaona haya kumjibu.

Maana kitabu kile, ndugu msomaji, hakifundishi kuabudu mizimu. Mwandishi wake, Mzanzibari aliyezaliwa 1918, alishinda nacho mashindano ya hadithi za Kiswahili ya miaka ya 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na watu, kama kawaida yetu, wanadhani wazee wa kale wameghadhibika. Anakuja Bwana Msa na kiko chake (kiko chenyewe sikipendi, lakini hayo tuyaache), anauliza, anapima, anafuatilia, mpaka unadhihiri mkono wa mwanadamu. Simtaji ni nani, nisije nikawaharibia wasiosoma.

Nilipolisema hili katika darsa, mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu, alisimama akasema kuwa jina la mzimu peke yake linatosha kukiharamisha. Hoja hiyo haina uzito. Lau jina lingetosha, tungewakataza watoto kusoma kila sura inayotaja masanamu na Firauni. Huhukumiwi kwa unachokitaja. Huhukumiwa kwa unachokisema juu yake. Sina zaidi la kumjibu, na yeye, namshukuru, alinyamaza.

Lakini yule kijana ndiye mwenye maradhi hasa. Yeye anakidharau kitabu kwa sababu mwandishi wake amesema kweli kwamba ni hadithi, na anakisadiki kingine kwa sababu kimeandikwa juu yake kuwa ni kisa cha kweli. Basi na tukitazame hicho cha kweli.

Amityville ni mji mdogo katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1974, katika nyumba moja ya mji huo, kijana aitwaye Ronald DeFeo alichukua bunduki akawaua baba yake, mama yake, ndugu zake wawili wa kiume na wawili wa kike. Roho sita. Mahakamani akadai kuwa alisikia sauti, na wakili wake akataka ahesabiwe mwendawazimu. Mahakama haikukubali. Novemba 1975 alitiwa hatiani, akafungwa, na amekufa kifungoni mwaka 2021.

Desemba 1975 mume na mke wa ukoo wa Lutz walihamia nyumba ile pamoja na watoto watatu. Wakakaa siku 28, kisha wakatoka wakisema nyumba ina mashetani. Kitabu kilitoka 1977. Mwandishi wake, Jay Anson, hakuwa shahidi wa lolote katika siku hizo. Alitegemea kanda ambazo wenyewe walizinena. Na mwaka 1979, yule yule wakili wa muuaji alisema kuwa kisa kile walikitunga pamoja naye huku chupa za mvinyo zikimiminwa. Mwaka huo huo jaji aliyesikiliza ugomvi wao alisema kuwa sehemu kubwa ya kitabu aiona ni ya kubuni. Akina Lutz wao walishikilia kuwa ni kweli. Basi mbele yako pana neno la wenye kuuza kisa na neno la mshirika wao anayewakana, na baina yao pana chupa. Kadhi gani wa Kiislamu angeupokea ushahidi huo, hata katika kesi ya mbuzi?

Na wasomaji wakafanya nini? Mamia kwa mamia wakaiendea nyumba ile kuitazama. Watu wengine walikuwa wameinunua, wakawa hawana raha kwa wapita njia, mpaka nambari ya nyumba ikabidi ibadilishwe. Waliishi humo kama miaka kumi, na balaa waliloliona ni wageni.

Utaniambia: Sheikh, kwani wewe huamini majini? Naamini, na asiyeamini ameikanusha sura nzima ya Qur'ani. Lakini kuamini kwamba majini wapo si kuamini kila anayesema amewaona. Surat Hujurat imetuamrisha tuihakikishe khabari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Surat Ibrahim Shetani mwenyewe, siku hukumu itakapokwisha, atawakana waliomfuata: atasema hakuwa na mamlaka juu yao isipokuwa aliwaita, nao wakamuitika. Hata Shetani, basi, hakubali kuubeba mzigo wa muuaji. Kitabu cha Amityville kinaubebesha ukuta na ngazi! Watoto wanne waliuawa na ndugu yao, na leo muulize yule kijana wangu, atakutajia jini la nyumba na madirisha yake, wala hajui kuwa waliokufa walikuwa sita. Hiyo ndiyo dhulma ninayoisema.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Mwaka 1995 Popobawa alipovuma Pemba na hapa Unguja, watu wazima walilala nje ya nyumba zao kwa makundi, na mjini kijana mgonjwa wa akili aliuawa na umati ukidhani ndiye. Nani aliyemuua? Popobawa? Hapana. Ni mikono ya watu waliokuwa wakisali. Na mpaka leo ukiwauliza watakusimulia habari ya Popobawa kwa urefu, na ya yule maskini hawana hata neno moja.

Karibu yetu yupo binti aliyekuwa akianguka. Wazazi wake walisema ni nyumba, kwa kuwa jirani mmoja aliwaletea ile sinema wakaitazama usiku kucha, na hapo ndipo kila mlio wa bati ukawa dalili. Wakamwendea mpiga ramli, juu ya onyo tulilopewa na Mtume (S.A.W.) kuwa mwenye kumwendea na kumuuliza sala yake haikubaliwi siku arubaini. Akawaambia wahame. Wakauza kitanda na cherehani, wakahama. Binti akaanguka katika nyumba mpya siku ya tatu. Alipopelekwa hospitali ilionekana ni kifafa, akapewa dawa ya kumeza kila siku, na tangu hapo kuanguka kumepungua sana. Miezi saba ilipotea, na katika kuanguka kwake mara moja aliungua mkono jikoni. Alama ile haitoki.

Kwa hiyo, ewe kijana, nakujibu. Anayekwambia "nakupa hadithi" hakukuibia kitu. Ukitaka unasoma, hutaki unaacha. Anayekwambia "hii ni kweli" amekutaka ushahidi wako, nawe ushahidi ni amana. Ulimwuliza nani kabla ya kuutoa?

Mzimu wa Watu wa Kale nimemrejeshea mwenyewe, mbele ya wale wale niliomkemea mbele yao, na nimemtaka radhi. Sharti langu ni moja tu: kisisomwe wakati wa juzuu. Amenambia baba yake anacho na Kisima cha Giningi, na kama nitakihitaji ataniazima. Nimemwambia alete Alkhamisi.