Jembe na Vijana Wetu wa Songea

Yako maneno tuyasikiayo maofisini karibu kila mwezi: "Soma sana, mwanangu, usije ukaishia kushika jembe." Wayasemao ni watu wawapendao watoto wao, na wengi ni wanachama wa chama hiki. Walakini karada ya shule ya karani wa Songea mara nyingi ililipwa kwa gunia la mahindi au mzigo wa tumbaku wa baba yake. Nasi twaona si adabu kulitukana jembe lililotulea.

Kuwafundisha vijana kilimo si jambo geni hapa kwetu. Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa TANU, wakiongozwa na Bwana Ntimbanjayo Millinga, walikwenda Litowa kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Mara ya kwanza njaa iliwashinda. Mwaka uliofuata wakarudi. Hapo ndipo lilipoanzia Shirika la Maendeleo ya Ruvuma, ambalo hatimaye lilikuwa na vijiji 17. Litowa walijenga shule, na watoto walilima pamoja na walimu wao. Tena kijiji kiliendeshwa kwa mikutano, kazi na mapato vikazungumzwa waziwazi, na mtoto alikua akiyaona hayo. Shirika hilo lilivunjwa na Kamati Kuu ya TANU mwezi wa Septemba 1969, na walimu wa Litowa wakahamishwa. Twasikitika hata leo.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule za nchi nzima zilitakiwa kuwa na mashamba. Jembe lilifika, ile mikutano haikufika. Katika shule nyingi shamba likawa mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele, na mahindi yalipouzwa hakuambiwa yameleta shilingi ngapi. Je, ni ajabu kijana huyo akilikimbia jembe siku amalizapo shule? Alilolikimbia ni adhabu. Kilimo chenyewe hajapata kufundishwa.

Majirani zetu Wamatengo wa Mbinga wana ngolo, kilimo cha mashimo katika miteremko mikali. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa miraba, kisha hufunikwa kwa udongo uchimbwao katikati. Nyasi zikioza ni mbolea, na mashimo huzuia maji ya mvua yasiuchukue udongo. Kijana huyajua hayo kwa kuwa alikuwapo shambani pamoja na wazee wake, na maharagwe yakiiva naye hula. Hakuna ubao wa darasani uwezao kumpa elimu hiyo.

Basi, ndugu wanachama, twauliza: sisi watu wa kalamu twaweza kutoa nini? Bwana shamba atawafundisha vijana nafasi za kupandia na wakati wa kutia mbolea. Lakini wakulima wengi huuza mahindi pasipo kujua yamewagharimu kiasi gani, kwa kuwa mbegu, mbolea, magunia na vibarua havikuandikwa popote. Hiyo ndiyo kazi tuijuayo. Karani aketi na vijana wa mtaa wake jioni moja kila juma, wao wenyewe wakishika daftari la mapato na matumizi, yeye akiwasahihisha tu.

Wako pia miongoni mwetu wenye viwanja na mashamba yaliyoota nyasi pembezoni mwa mji. Twaomba wayaazime kwa vikundi vya vijana kwa msimu mmoja, kwa mapatano yaliyoandikwa kwamba mavuno yote ni yao. Mwenye shamba asidai hata debe moja. Akidai, yatarudi yaleyale ya shuleni.

Songea ina msimu mmoja wa mvua, nao huanza Novemba au Desemba. Atakaye kuazimisha shamba, au kutoa jioni yake, amletee Katibu jina lake kabla Septemba haijaisha, ili vijana wapate muda wa kufyeka na kutafuta mbegu.