Karoti Si Pilipili

Nasema wazi: karoti kwenye pilipili ya kusaga ni udanganyifu. Mnasema inaleta rangi, inapunguza ukali. Anayeogopa ukali si ale kachumbari? Mimi nataka pilipili mbuzi zilizoiva, zile zinazonukia hata hujazikata, kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Siki naikubali shingo upande, maana bwenini hatuna jokofu, na uchachu ndio unaozuia chupa isiharibike upesi. Karoti hailindi kitu. Inajaza chupa tu.

Najua, kwa sababu nimejaza. Muhula uliopita, ada ya uzamili iliponikaba, niliuza chupa 12 bwenini, nusu yake karoti. Mama yangu ameuza pilipili Tanga miaka yote niliyosoma. Mbuzi zikipanda bei, anahamia chupa ndogo, karoti haigusi. Nilimpelekea chupa moja. Akaonja kwa ncha ya kidole, akaniangalia.

“Hii umemsagia mtoto uji, mwanangu?”

Wanunuzi wangu wote 12 walisifu. Nanyi mnaotia karoti mnategemea hilohilo.