Flashi ya mwalimu si kapu la kutilia kila kitu

Katika masoko yetu ya mashambani, Nyamache ikiwa mojawapo, sidhani kuna chombo cha elimu kinachotembea siku hizi kuliko kile kijiti kidogo ambacho wengi wetu tunakiita flashi, na ambacho baadhi ya waundaji wa istilahi wamependekeza kiitwe diski mweko. Hutoka nyumbani asubuhi kikiwa kimefungwa pamoja na funguo, kikachomekwa katika tarakilishi ya shule, kikapelekwa saiba sokoni ili mtihani uchapishwe, na jioni kikaishia katika runinga ya sebuleni watoto wakisikiliza nyimbo. Ndani yake mna maswali ya mtihani wa muhula, alama za wanafunzi, barua ya kuomba mkopo, mahubiri na picha za mazishi ya jirani. Mchanganyiko huo ndio unaonitia wasiwasi.

Anayeanza kutumia tarakilishi huonywa juu ya jambo moja tu, nalo ni virusi. (Wapo waliopendekeza tuviite mtaliga. Sijamsikia mwalimu hata mmoja akilitamka neno hilo, nami simlaumu.) Onyo lenyewe ni la haki. Kirusi cha Conficker, kilichojitokeza mwaka wa 2008, kilisambaa kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa flashi, kwa sababu Windows za wakati huo ziliruhusu programu iliyomo ndani ya flashi kujiendesha yenyewe punde tu inapochomekwa. Ilipofika mwaka wa 2011 ndipo Microsoft iliposambaza marekebisho ya kuikomesha tabia hiyo. Stuxnet nayo, iliyogunduliwa mwaka wa 2010 baada ya kushambulia mitambo ya nyuklia ya Natanz nchini Iran, inaaminika kuwa iliingizwa kwa flashi, maana mitambo hiyo haikuwa imeunganishwa na intaneti. Ikiwa mahali palipolindwa namna hiyo paliingiliwa, itakuwaje saiba ya sokoni inayopokea flashi za kila mpita njia kuanzia asubuhi hadi usiku?

Hata hivyo, kirusi kinachowaliza walimu wetu ni cha hali ya chini zaidi. Mwalimu anaifungua flashi yake na kukuta kwamba folda zake zote zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo, au flashi inaonekana tupu kabisa. Anashtuka, anamwita kijana wa saiba, naye kijana anamshauri aifomati. Hapo ndipo hasara inapotokea, kwani mpaka dakika hiyo hakuna kilichokuwa kimepotea. Kirusi hicho huzificha folda halisi na mahali pake kikaweka vialama vyenye majina yale yale; anayebofya kialama anakiendesha kirusi chenyewe. Dalili ni rahisi kuitambua: flashi inadai kuwa haina kitu, ilhali nafasi iliyotumika ni kubwa kama ilivyokuwa jana. Anayeona hivyo asibofye chochote wala asikubali kufomati. Aipeleke katika tarakilishi yenye programu ya kuua virusi iliyosasishwa, aikague yote, kisha aiamuru Windows ionyeshe faili zilizofichwa, zikiwemo zile za mfumo zinazolindwa. Kazi yake ataikuta.

Jambo la pili ni ile pupa ya kuchomoa. Tarakilishi inapokuambia kwamba imekwisha kunakili, huenda sehemu ya faili bado imo katika kumbukumbu yake ikingojea kuandikwa. Ndiyo maana ipo amri ya kuitoa flashi kwa usalama, na ndiyo maana si busara kuhariri mtihani moja kwa moja ndani ya flashi katika nchi ambayo umeme waweza kupotea karibu kote kwa usiku mmoja, kama ulivyopotea tarehe 25 Agosti 2023. Hapa kwetu milimani, mvua ya alasiri peke yake yatosha kuuzima. Nakili faili kwenye tarakilishi, ifanyie kazi huko, uihifadhi, kisha uirudishe katika flashi.

Lakini hapa yafaa tutofautishe tarakilishi ya shule na ile ya saiba. Katika saiba, nakala uliyoiacha nyuma ni mtihani uliokwisha kuvuja. Kuifuta hakutoshi, kwa sababu faili iliyofutwa huenda kwanza kwenye pipa la taka, na hata pipa likimwagwa, aghalabu kinachoondolewa ni jina lake katika orodha. Maandishi yenyewe hubaki mpaka yaandikwe juu yake, na zipo programu za bure za kuyafufua. Tunawalaumu wanafunzi kwa udanganyifu huku karatasi yenyewe tukiwa tumeiacha sokoni. Shule yenye printa ichapishe mitihani yake yenyewe. Isiyokuwa nayo, mwalimu aiwekee faili nywila kabla ya kutoka shuleni, na asibanduke hapo mpaka karatasi ya mwisho itoke.

Kwa sisi wa taaluma ya lugha, hasara huwa ya namna nyingine. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alirekodi ngano na vitendawili vya Ekegusii kutoka kwa wazee wa eneo hili la Nyamache, akaviweka vyote katika flashi moja. Flashi ikavunjika kichwa ndani ya matatu. Alama za mtihani zaweza kusahihishwa upya. Wazee wawili kati ya wale walikuwa wamekwisha kufariki. Flashi ni chombo cha kusafirishia, haikuundwa kuwa ghala. Data hukaa humo kwa nguvu ya chaji ndogo za umeme ambazo hudhoofika kadiri miaka inavyopita. Zaidi ya hayo, zipo flashi bandia zinazodai ukubwa wa ajabu kwa bei ya chini, kumbe zikijaa kipimo chake halisi zinaanza kuharibu faili bila kukuarifu. Kwa hivyo nakala ziwe tatu, na moja ikae mbali na nyingine, hata ikiwa ni katika hifadhi ya bure ya intaneti.

Kuna pia sheria. Tangu mwaka wa 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Orodha ya majina, umri na alama za wanafunzi, iliyomo katika flashi iliyodondoka katika kituo cha bodaboda, inahusu watoto wale wale.

Najua wakuu wa shule wataniuliza pesa zitoke wapi. Flashi mbili za shule, moja ya mitihani na moja ya alama, zisizochomekwa popote nje ya lango bila kutiwa sahihi katika daftari, bei yake haizidi ramu chache za karatasi. Nyimbo na mahubiri mwalimu atajinunulia yake.