TAIRI LINANG'AA, LAKINI LINA UMRI GANI?



Liko swali ambalo limeletwa mbele ya kamati yetu mara nyingi. Limeletwa na madereva, limeletwa na vijana wanaoosha magari pale Mahoko, limeletwa hata na akina mama wachumaji wa chai ambao hawana gari wala baiskeli. Wanauliza: hii dawa ya kung'arisha matairi inaharibu tairi, au haiharibu?

Wako waliocheka. Wamesema chama cha wafanyakazi kina mambo makubwa ya kushughulikia, kama mishahara, mikataba na saa za kazi, basi kwa nini kipoteze karatasi kwa habari ya weusi wa matairi? Sisi tunasema swali hili ni letu. Kila siku kabla jua halijatoka, mfanyakazi anapanda nyuma ya gari, naye anabebwa juu ya barabara ya Gisenyi na Musanze, yenye milima na materemko na kona na ukungu. Kati yake na lami hakuna kitu kingine ila matairi. Mtu anayebebwa na tairi ana haki ya kuuliza habari za tairi.

Kwanza tujue tairi ni kitu gani. Tairi si mpira mtupu. Ndani yake mna mpira wa utomvu wa mti, mna mpira uliotengenezwa kwa mafuta ya petroli, mna nyuzi za chuma, mna salfa ya kuufanya mpira uwe imara, na mna masizi meusi ambayo ndiyo yanayolipa rangi yake na nguvu ya kutochakaa upesi. Matairi ya malori yana mpira wa utomvu mwingi kuliko ya gari dogo. Tena kiwandani huchanganywa nta na dawa za kuulinda mpira. Dawa hizo hazikai mahali pamoja. Kila tairi linapozunguka na kukunjika, hupanda polepole kutoka ndani hadi juu ya ngozi ya tairi, na pale juu huzuia jua na ile hewa kali iitwayo ozoni, ambayo hupasua mpira uliovutwa. Ile rangi ya kahawia inayotokea ubavuni mwa tairi, ambayo tajiri huiona ni uchafu wa aibu, mara nyingi ni hiyo dawa ya ulinzi iliyokuja juu kufanya kazi yake.

Sasa tuje kwenye dawa za kung'arisha. Zinazouzwa madukani ni za namna mbili. Ya kwanza ni nyeupe kama maziwa. Hiyo imechanganywa na maji, na kinachong'aa ndani yake ni mafuta ya silikoni. Silikoni haiyeyushi mpira. Mtu akiipaka kidogo ubavuni, akaifuta iliyozidi, tairi lake halitakufa kwa sababu hiyo. Hatutaki kumtia mtu hofu ya bure. Ya pili ni ile angavu, yenye harufu kama ya mafuta ya taa, maana imechanganywa na vimiminika vitokanavyo na petroli. Hiyo ikipakwa tena na tena huweza kuondoa ile nta na dawa za ulinzi, na mpira ukabaki uchi mbele ya jua. Na sisi wa Kanama tunaishi juu milimani, ambako jua linachoma kuliko kule bondeni hata kama hewa ni ya baridi.

Lakini ndugu, tuseme kweli: wengi wetu hatununui hata hiyo ya dukani. Tunatumia mazutu. Kijana anachovya tambara ndani ya mkebe wa mazutu, au ndani ya oili chafu iliyotolewa katika injini, anasugua, na tairi linakuwa jeusi papo hapo. Hapa jibu letu halina "labda". Mazutu na oili ni adui wa mpira. Mpira huvinywa, huvimba, hulainika, nguvu yake hupungua. Anayetaka ushahidi achukue kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akitumbukize katika mazutu, akiache siku chache, kisha akilinganishe na kipande kingine kilichokaa kikavu. Tena tusisahau mikono. Kijana yule anayeosha magari ni mfanyakazi kama sisi, ingawa hana mkataba. Oili chafu ya injini ina sumu inayodhuru ngozi, na ikikaa juu ya ngozi miaka mingi yaweza kuleta saratani. Mwenye gari anapata weusi, kijana anapata madhara.

Kwa waendesha pikipiki tunaongeza neno moja. Pikipiki inapokata kona hulala, na hapo hutumia hata pembe za tairi. Dawa ikifika sehemu inayogusa barabara, tairi huteleza. Basi msipake kabisa dawa hizi kwenye matairi ya pikipiki. Na mwenye gari naye asipake kwenye meno ya tairi, wala asiache dawa ikatirikia breki.

Hayo ndiyo majibu ya swali lenyewe. Lakini sisi tunaona kwamba dhara kubwa kuliko yote haliko katika kopo. Dhara kubwa ni kwamba tairi lililong'arishwa linatudanganya macho.

Tutatoa mfano, nasi tutajilaumu pia, maana tulikuwapo. Mwaka jana palikuwa na mwajiri mmoja, ambaye hatutamtaja hapa, aliyetazamia wageni. Siku mbili kabla, zilitolewa faranga za kununua dawa, na matairi ya gari linalobeba watu yakasuguliwa mpaka yakawa kama viatu vya bwana harusi. Wageni wakafika, wakatazama, wakasifu. Nasi wa kamati tulisimama pale, tukapiga makofi pamoja na wengine. Hakuna aliyeinama.

Wiki tatu baadaye mvua na tope vilikuwa vimekwisha kuondoa dawa ile. Dereva aliosha matairi kwa sabuni, akaona nyufa ubavuni mwa tairi la mbele, zimelizunguka kama mistari ya kiganja. Akatuita. Tulisoma namba iliyoandikwa ubavuni: 0811. Maana yake ni wiki ya 8 ya mwaka 2011. Tairi lile lilikuwa na umri sawa na watoto wetu walio darasa la sita, nalo lilikuwa mbele, mahali ambapo likipasuka kwenye mteremko usukani humponyoka dereva. Na watu wangapi walikuwa wamepanda gari lile katika wiki zile tatu? Hatukuthubutu kuhesabu.

Dereva alikataa kubeba watu. Aliambiwa atakatwa mshahara wa siku ile. Wachumaji nao wakakataa kupanda, wakaenda kazini kwa miguu, wakafika wamechelewa na kikapu kikawa pungufu. Siku ya tatu matairi mawili ya mbele yalibadilishwa. Ya nyuma tuliambiwa tungoje. Mpaka leo tunangoja.

Ndipo tunapouliza: faranga za kung'arisha zilipatikana wapi, na za kununua tairi zilikosekana wapi? Tunajua kwamba matairi ni ghali. Zamani wafanyakazi wenzetu wa Arusha walitengeneza matairi katika kiwanda cha General Tyre, na wale wa Nairobi katika kiwanda cha Firestone, ambacho baadaye kiliitwa Sameer. Cha Arusha kilisimama kabla ya mwaka 2010, cha Nairobi kikafunga mwaka 2016. Sasa matairi mengi tunayotumia hushuka melini Mombasa au Dar es Salaam, yakapanda barabara ndefu mpaka kwetu, na kila kilomita inaongeza bei. Kwa hiyo soko la matairi yaliyokwisha kutumika limekuwa kubwa, na mchuuzi wa mtumba anajua vizuri kuliko sisi kwamba dawa kidogo hulifanya tairi la kale lionekane la juzi. Tunaelewa shida ya bei. Ila hatukubali shida hiyo ifichwe kwa rangi, kisha mzigo wake abebeshwe mtu anayepanda nyuma.

Basi, ndugu, tujifunze kusoma tairi kama tunavyosoma karatasi ya mshahara. Kazi hii haihitaji shule kubwa. Sisi wenyewe tumeishia shule ya msingi. Tazama ubavuni, tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Usipoziona, tazama upande wa pili. Tairi likipita miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka. Likifika miaka 10 liondolewe, hata kama meno yake bado ni marefu. Pitisha ukucha ubavuni: ukinasa katika ufa, sema. Ukiona uvimbe, sema, maana nyuzi za ndani zimekatika. Tazama meno: Ulaya sheria hairuhusu yapungue chini ya milimita 1.6, na katika mvua zetu hiyo ni ndogo mno. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu hupata moto na kupasuka. Na la kuoshea ni maji na sabuni laini, kama watengenezaji wa matairi wenyewe wanavyoshauri. Mengine ni urembo.

Kwa waajiri tunadai mambo matatu. Kwanza, kila gari linalobeba wafanyakazi liwe na daftari la matairi, lenye tarehe ya kila tairi, na mjumbe wa wafanyakazi aruhusiwe kulisoma. Pili, dereva anayekataa gari bovu asikatwe mshahara, wala mchumaji asihesabiwe kuwa mtoro. Tatu, mazutu na oili chafu zisitumike kabisa kwenye matairi, na kijana wa kuosha apewe sabuni, brashi na glavu. Hatuombi hisani. Sheria Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inayosimamia kazi katika Rwanda, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi wake.

Na kwetu sisi wenyewe tunasema hivi. Wageni watakuja tena, na matairi yatasuguliwa tena. Siku hiyo tusipige makofi kwanza. Mmoja wetu ainame, afute vumbi kwa kidole, asome zile tarakimu nne kwa sauti, ili wageni na mwenyeji wao wasikie pamoja.