Butembo–Lubero: Pikipiki ya nguvu si lazima iwe pikipiki ya abiria

Kwenye parking za pikipiki mjini Butembo mazungumzo ni yaleyale: pikipiki gani inakimbia zaidi? Wamotari vijana wanaonyeshana kwenye simu mashine kubwa za ng'ambo kama Ducati Diavel ao Yamaha V-Max: ndefu, za chini, tairi ya nyuma pana, mlio mzito. Kisha wanazitamani zile ndogo zenye umbo la namna hiyo zinazotengenezwa India na China, na kusema: hii ndiyo ya safari ndefu, hii ndiyo itabeba watu. Na wapo wenye pesa wanaowasikiliza. Kosa linaanzia hapo.

Pikipiki ya abiria haihukumiwi kutoka kiti cha mbele. Inahukumiwa kutoka kiti cha nyuma. Anayeendesha ameshika usukani, anaona shimo kabla ya kuliingia, anajua saa ya kufunga breki. Aliye nyuma haoni kitu. Anashtukia tu mgongo wake umepigwa. Na yeye ndiye anayelipa.

Aliye nyuma ni nani? Tangu Kanyabayonga iingie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilikimbia kuelekea kaskazini, upande wa Lubero na Butembo. Wengine walitembea kwa miguu. Wengine walitafuta pikipiki. Kutoka Kanyabayonga mpaka Butembo ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Lubero-centre peke yake ni karibu 45, kwenye barabara ya taifa namba 2 ambayo sehemu yake kubwa ni udongo. Aliye nyuma ni mama mwenye mtoto mgongoni, godoro limefungwa kando, sufuria kwenye mapaja. Ni mzee anayepelekwa hospitali. Ni mwanamke mwenye mimba ambaye kituo cha afya kimeshindwa kumsaidia, na kijijini hakuna ambulansi isipokuwa hiyo pikipiki. Hao ndio wanaopaswa kuamua pikipiki ipi inafaa. Hakuna anayewauliza.

Tuseme ukweli wote. Pikipiki ya umbo la chini ina uzuri wake. Kwenye lami iliyonyooka inatulia. Kiti chake hakiko juu, kwa hiyo hata mama mfupi anapanda bila kusukumwa. Zingine zina kiegemeo nyuma ya abiria, na hicho ni kitu chema. Bajaj, kampuni ileile ya India inayotengeneza Boxer, inatengeneza pia Avenger ya namna hiyo, na kwenye barabara nzuri watu wawili wanaenda nayo mbali bila taabu.

Lakini barabara ya Lubero si lami iliyonyooka. Ni milima, kona, mawe na matope. Hapo uzuri wote unageuka. Tumbo la mashine liko chini, linagonga jiwe ambalo Boxer inaruka. Amortisa za nyuma ni fupi. Zikibeba watu wawili na mzigo zinafika mwisho, na kila shimo linaingia moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria. Avenger ya 220 inapita kilo 150 kabla mtu yeyote hajapanda. Ikizama kwenye matope, nani ataiinua? Motari peke yake hawezi. Ni abiria atakayeshuka, mtoto mgongoni, na kusukuma.

Tena kuna kiti chenyewe. Mashine nyingi za kukimbia zimechorwa kwa ajili ya mtu mmoja anayejipenda. Kiti chake ni kipana na laini. Cha nyuma ni kipande kidogo, kama sahani. Vikanyagio vya abiria viko juu, magoti yanakunjwa mpaka tumboni. Nusu saa inavumilika. Saa mbili miguu inakufa ganzi. Mara nyingi hakuna chuma cha kushika, kwa hiyo abiria anamshika motari kiunoni ao anashika hewa. Na mama akibeba mtoto mgongoni, mtoto ndiye wa mwisho kabisa kwenye pikipiki. Nyuma yake hakuna kitu. Ni kitenge tu kinachomtenga na barabara.

Watetezi wa nguvu wanasema: mlima unahitaji mota. Ni kweli, lakini mota ya kiasi gani? Diavel ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2011, ilikuwa na nguvu ya farasi 162. Boxer ya 150 ina karibu 12. Na hizo 12 ndizo zinazobeba Grand-Nord kila siku: mahindi, wagonjwa, wanafunzi, wahami. Kinachokosekana kwenye mlima wa Lubero si mbio. Ni gia ya kwanza yenye subira, mnyororo uliokazwa vizuri, tairi yenye meno na motari asiye na haraka. Mzigo wote ukikaa nyuma, tairi ya mbele inakuwa nyepesi, na kwenye kupanda usukani unaanza kuelea. Hapo ukiongeza nguvu, unaongeza hatari.

Kwenye kushuka ni vibaya zaidi. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, umbali inaouhitaji ili isimame kwa breki hauwi mara mbili ya ule wa kilomita 30. Unakuwa mara nne. Hiyo ni kwenye barabara kavu. Weka udongo uliolowa, weka watu watatu, kisha jiulize kona inayofuata ina lori ao haina.

Lipo neno moja la wamotari ambalo si la kupuuza. Wanasema: kwenye barabara yenye hatari, anayekimbia ndiye anayepona. Mtu aliyepita mahali penye risasi hawezi kuchekwa akitaka mashine ya mbio. Lakini kwa abiria watatu na magodoro hakuna pikipiki inayokimbia, hata iwe ya nguvu gani. Inayoanguka haimuokoi mtu. Inayofika ndiyo inayookoa.

Na sasa pesa, maana ndiyo mzizi wa mambo. Motari wengi hawana pikipiki yao. Wanafanya kazi na ya mtu mwingine, na kila jioni wanampelekea hesabu ya siku. Mwenye pikipiki akinunua mashine ya bei kubwa, hesabu inapanda. Mashine hiyo inakunywa mafuta zaidi, na mafuta ya chupa kwa makadafi kando ya barabara hayana huruma. Vipuri vyake havipatikani kwa kila fundi wa kijijini kama vile vya Boxer ao TVS. Gharama hiyo yote inatoka wapi? Inatoka kwa aliye nyuma. Ama analipa zaidi, ama anabanwa na abiria wa pili, na wa tatu. Ndivyo umaridadi wa mtu mmoja mjini unavyolipwa na mama aliyepoteza nyumba.

Mtu asiseme kwamba abiria wenyewe wanaomba kubebwa watatu. Mama mwenye pesa ya pikipiki moja na watoto wawili haombi. Amekosa njia nyingine. Wanaoweza kubadilisha mambo ni wenye pikipiki, miungano ya wamotari na viongozi wanaosimamia barabara. Tangu 1978 inchi ina sheria ya barabara, code de la route. Mara nyingi wanainchi wanaisikia tu kwenye kizuizi, saa ya kutoa pesa. Ingefaa waisikie pia kwenye parking, kabla ya safari: kaske mbili, ya motari na ya abiria, vikanyagio viwili vya nyuma vilivyo imara, chuma cha kushika, mzigo mzito ufungwe, usiwekwe kwenye mapaja ya mtu, bomba la moshi lifunikwe, maana ndama za wanawake wangapi zimeungua hapo? Na bei isemwe kabla ya kuondoka, si katikati ya msitu.

Wahenga wa milima hii walijua jambo hili bila shule ya ufundi. Chukudu haikuchongwa ili ipendeze. Fundi aliangalia kwanza mzigo: viazi, makaa, mbao. Kisha akachonga mti kufuatana na mzigo. Ndiyo sababu chombo cha mbao kisicho na mota kinabeba kilo mia kadhaa na kufika. Leo tunafanya kinyume: tunachagua mashine kwa sura yake, kisha tunamkunja mtu ili aingie.

Kwa hiyo liwepo jaribio moja. Kabla ya kununua pikipiki ya nguvu kwa kazi ya abiria, mwenye pesa aketi kiti cha nyuma. Abebe gunia la kilo kumi mgongoni, afunge kitenge, na motari ampeleke kutoka Butembo mpaka Lubero na kumrudisha, siku ya mvua. Akishuka na bado anaweza kunyoosha mgongo, ainunue. Asipoweza, anunue Boxer, na pesa itakayobaki anunue kaske ya pili.