Gemu Mia Tatu Ndani ya Kadi Moja



Mama mmoja wa Makorora ametuandikia kuhusu mwanawe aliye kidato cha pili. Kijana alipeleka kadi ya memori kwenye kibanda cha kuwekea nyimbo, akajaziwa kile alichoambiwa kuwa ni gemu mia tatu za zamani, za mashine zilizokuwako kabla hajazaliwa. Huzicheza katika kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya masomo. Nyingi hazifunguki, na nyingine zina jina hili na ndani mna kitu kingine. Mama anauliza: aifute kadi yote, au anyamaze kwa kuwa mtoto angalau yuko nyumbani? Swali kama hili tumelisikia pia barazani baada ya Ishaa, basi tunalijibu hapa.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Sisi tuliokulia Ngamiani tunazikumbuka mashine zilizounganishwa na runinga, na kaseti zake zilizoandikwa kuwa zina gemu maelfu. Ukiichomeka kaseti, ulikuta gemu chache tu zilizorudiwa kwa majina mbalimbali. Nyingi ya mashine hizo zilikuwa nakala za Famicom, mashine ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Leo yaliyomo ndani ya kaseti hutolewa yakawa faili, na programu iitwayo emuleta huifanya kompyuta ijifanye mashine ile ya zamani. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ni faili la kilobaiti 40 hivi, dogo kuliko picha moja ya simu. Kwa udogo huo, kadi moja hubeba mamia, na kila anayenakili anaweza kubadili jina apendavyo. Ulaghai wa kaseti za zamani umehamia kwenye kadi.

Wanaohifadhi gemu hizi kwa uangalifu hawategemei jina. Hutumia programu inayolisoma faili lote, baiti kwa baiti, kisha ikatoa alama ya utambulisho, mfano wa alama ya dole gumba. Alama ya aina ya SHA-1 ina herufi na tarakimu 40. Badilisha jina la faili, alama inabaki ileile; badilisha baiti moja ndani yake, alama inageuka. Wapo wahifadhi wanaokusanya alama za nakala zilizotolewa kwenye kaseti na diski za asili, kama vile No-Intro kwa kaseti na Redump kwa diski. Programu iitwayo Igir huchukua orodha hizo, ikalinganisha na mafaili yako, ikayapa majina sahihi, ikaweka pembeni yaliyorudiwa na kukuonyesha yaliyokosekana. Haina vitufe vya kubonyeza. Huendeshwa kwa kuandika amri katika lile dirisha jeusi ambalo wazazi wengi hudhani ni la wadukuzi. Mwenye Windows anaweza kulionja jambo hili bila kuongeza programu yoyote. Afungue dirisha hilo na kuandika:

certutil -hashfile gemu.nes SHA1

Lakini kuna mahali pa kujikwaa. Mafaili ya Famicom yenye kiishio cha .nes huwa yameongezewa baiti 16 mwanzoni, za kuieleza emuleta kaseti ilikuwa ya namna gani. Baiti hizo hazikuwamo katika kaseti. Gemu mbili zilizo sawa kabisa zaweza kutoa alama tofauti kwa ajili ya hizo 16 tu, na asiyejua atalihukumu faili zima kuwa bovu. Tena alama huthibitisha kwamba nakala inalingana na asili, haithibitishi kwamba yaliyomo yanamfaa mtoto. Hilo ataliangalia mzazi kwa macho yake. Na faili lenye kiishio cha .exe si gemu ya kaseti hata kidogo. Likitoka kibandani lisifunguliwe katika kompyuta yenye picha za arusi na vyeti vya familia. Mwanafunzi aanze na amri ya kunakili, aiache ile ya kuhamisha na ile ya kufuta, kwani kinachofutwa kwa amri huenda kisipite kwenye kapu la taka.

Aliyesoma elimu ya Hadithi hatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Wanazuoni waliita muqabala, yaani kuilinganisha nakala na asili yake kabla ya kuitegemea. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), alipendekeza mwandishi aache duara tupu baina ya hadithi na hadithi, na akishalinganisha atie nukta ndani yake. Msomaji wa baadaye akiona duara lisilo na nukta, anajua kwamba mahali hapo hapajahakikiwa.

Sasa suala zito zaidi: gemu hizo ni za nani? Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisharia na haijuzu kuzivamia. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inazilinda. Kwa hiyo mwenye kibanda ameuza kisichokuwa chake. Husemwa kwamba gemu hizi haziuzwi tena na zingepotea bila wanaozinakili. Upo ukweli katika hoja hiyo, lakini kukosekana dukani si idhini ya mwenyewe. Na kwa wanaozipenda kweli mashine hizo, wapo watunzi wa leo wanaotunga gemu mpya kwa ajili yake na kuzitoa bure kwa ridhaa yao.

Basi tunamwambia mama yetu asiifute kadi usiku kijana akiwa amelala. Akae naye, amtake atoe alama ya kila faili na kulitaja ni nini na la nani. Atakapofika faili la thelathini atakuwa ameona mwenyewe kadi ile ina nini hasa, na zisizo na idhini azifute kwa mkono wake. Tunadhani zitakazobaki ni chache. Lakini ujuzi wa kuandika amri atabaki nao, na kazi ya kuutumia ipo: ofisi ya msikiti ina flashi za darsa za Ramadhani za miaka kadhaa, darsa moja ikiwa na majina manne na nyingine haina jina la mhadhiri. Aje Jumamosi baada ya Adhuhuri pamoja na mzazi wake. Tutampa nakala; flashi zenyewe hazitatoka kabatini.